Ofisi ya haki za watoto Kilimani: nyota nne, na sababu ni mkurugenzi

Kama una kesi ya mtoto hapa Nairobi na huna pesa ya wakili, kuna shirika Kilimani ambalo ningekuambia uende leo. Miaka michache iliyopita ningekuambia ujaribu kwingine. Ofisi ni ile ile, ghorofa ni ile ile, hata viti vya kungojea ni vile vile vya plastiki ya buluu. Kilichobadilika ni uongozi, na huo ndio nataka kuueleza, kwa sababu watu wengi mitaani wanadhani mkurugenzi wa shirika ni mtu wa kukata utepe na kupokea wageni.

Jina la shirika nimeliacha makusudi. Nitasimulia habari za watoto wa mtaa wetu, na mtu akijua shirika na akijua mtaa, haitamchukua muda kumjua mtoto. Anayelihitaji amwulize afisa wa watoto aliye karibu naye, atamwelekeza.

Mimi ni fundi wa nguo Kawangware, upande wa Gatina. Nashona sare za shule, na cherehani yangu iko kando ya njia ambayo watoto hupita asubuhi na jioni. Pia ni mlinzi wa watoto wa kujitolea, wale tunaosaidiana na afisa wa watoto bila mshahara. Kazi ya sare hunionyesha mengi. Mtoto akivuta mkono ninapotaka kumpima bega, au akikataa kuvua sweta na jua limewaka, mimi namwona kabla hata mwalimu hajamwona. Ndiyo maana kesi hunifikia mapema, na ndiyo maana nimepeleka kesi katika ofisi hiyo chini ya wakurugenzi wawili tofauti.

Yule wa kwanza alikuwa mtu mpole na msemaji hodari. Kila tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, alisimama jukwaani na kutukumbusha wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976, na watu walilia. Sisemi kwamba hakuwapenda watoto. Lakini shirika lake lilihesabu watoto "waliofikiwa". Ukiandaa mkutano uwanjani wakaja watoto mia tatu wakapewa soda na fulana, basi umefikia mia tatu. Ukikaa na mtoto mmoja mahakamani kwa miaka miwili, umefikia mmoja. Wafadhili walisoma ripoti, wakaona idadi inapanda, wakafurahi.

Hapo ndipo tulipompoteza yule msichana. Aliletwa Nairobi kutoka mashambani kuwa yaya, naye mwenyewe bado alikuwa wa umri wa kulelewa. Jirani, mama fua anayeishi ploti hiyo hiyo, alikuja kwangu na kusema mtoto amechomwa mkono na hapelekwi hospitali. Tulimtoa, tukampeleka kwa daktari, tukaandikisha ripoti polisi tukapewa namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ikajazwa. Shirika lilikuja upesi, hilo nalikubali. Lilikuja na gari lenye nembo, afisa mmoja kijana mwenye bidii, na mpiga picha. Msichana alipigwa picha mkono ukiwa na bendeji, akaulizwa maswali yale yale aliyokwisha kuulizwa na daktari na polisi.

Kesi ikaanza. Ikatajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Katikati ya hapo mradi uliokuwa ukimlipa yule kijana ukaisha, na mkataba wake ukaisha pamoja nao. Faili ikapewa mtu mwingine aliyekuwa na mrundo wa faili nyingine, kisha mwingine ambaye hakuwahi kumwona msichana wala mama fua. Siku ya kusikizwa, mama fua alikuwa amekosa nauli, na kukosa kibarua cha siku hiyo kulimaanisha watoto wake walale njaa. Hakuna aliyempigia simu. Siku ya pili iliyopangwa, hivyo hivyo. Mwishowe kesi ikafutwa kwa kukosa mashahidi. Mwenye kosa alishahama mtaa. Msichana alirudishwa kwa nyanya yake, na mpaka hapo nashukuru. Lakini ile picha yake ya bendeji ilichapishwa kubwa, ikawekwa fremu, ikatundikwa ukutani pa kuingilia ofisini Kilimani, na chini yake maneno kuhusu matumaini. Kila nilipokwenda na mtoto mwingine nilimkuta pale ananitazama, huku najua kesi yake iliishaje.

Nalieleza kwa urefu kwa sababu uongozi mbaya wa shirika la watoto mara nyingi hauna mwizi ndani yake. Hakuna aliyekula pesa. Kila mtu alifanya kazi yake kama ilivyoandikwa kwenye mradi. Mradi una miaka yake na kesi ya mtoto ina miaka yake, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuvilinganisha hivyo viwili. Hiyo ndiyo kazi ya mkurugenzi.

Kisha bodi ikamleta huyu wa sasa. Ni wakili, mama wa makamo, aliyezoea mahakama za watoto tangu ujana wake wa kazi. Mara ya kwanza kutuita sisi walinzi wa mitaani hakutupa hotuba. Alifungua daftari akauliza, "Niambieni kesi ambazo ofisi hii iliwaachia njiani." Kwanza tulinyamaza, maana tulizoea kuulizwa mafanikio. Halafu mmoja wetu kutoka Kangemi akaanza, akafuata wa Kibra, nami nikamtaja yule msichana. Aliandika kila moja, akauliza mwaka, akauliza faili ilikuwa kwa nani. Tulipotoka, picha ukutani ilikuwa imeshashushwa. Pale ilipokuwa rangi ya ukuta ilibaki tofauti kwa muda mrefu.

Mabadiliko yaliyofuata hayakutangazwa kwa mabango. Kesi sasa ina afisa mmoja kuanzia siku ya kwanza hadi hukumu, awe analipwa na mradi gani. Nikiwa fundi naelewa hesabu hiyo vizuri: nguo ikikatwa na mmoja, ikashonwa na wa pili, ikamaliziwa na wa tatu, haimkai mtu. Mtoto anajua jina la afisa wake. Mama yake ana namba ya simu inayopokelewa. Hilo linaonekana dogo mpaka uwe umeshika mkono wa mtoto wa miaka tisa anayeulizwa na mtu mgeni wa nne aeleze upya alichofanyiwa.

Pia kuna mfuko wa mashahidi. Pesa zake hazitoki kwenye mradi wowote, ili mradi ukifa mfuko usife. Jioni kabla ya kesi, shahidi anapata nauli ya kwenda na kurudi kwa M-Pesa pamoja na pesa ya chakula cha mchana. Halipwi kibarua cha siku. Nililalamika mwanzoni, nikasema mama fua anapoteza zaidi ya nauli. Mkurugenzi alinieleza kwamba upande wa pili ukigundua shahidi amelipwa mshahara wa siku, wataambia mahakama kuwa amenunuliwa. Na kweli, katika kesi moja niliyokuwa shahidi mwenyewe, wakili wa mshtakiwa aliniuliza kwa sauti kubwa, "Nani amekulipa uje hapa leo?" Nilijibu kwamba nimepewa nauli na shirika na ujumbe wa M-Pesa upo kwenye simu, kiasi chake kinaonekana. Hakimu aliandika, wakili akaenda swali lingine. Kiongozi aliyefikiria swali hilo miezi kabla halijaulizwa ni kiongozi anayejua mahakama.

Kuhusu sheria, ofisi hii sasa inajua inachosema, na maafisa wake wanaibeba sheria mkononi. Mfano ni mvulana wa jirani zangu, umri wa miaka kumi na mmoja, aliyekamatwa na vyuma kuukuu kutoka kwenye mjengo. Ilikuwa Jumamosi jioni. Alipelekwa kituo kimoja cha polisi, akawekwa kwenye benchi nyuma ya kaunta, miguu haifiki chini, mikono ameibana katikati ya magoti. Mama yake alikuwa analia nje na mjomba alikuwa anatafuta pesa ya kumtolea. Nilipiga namba ya dharura ya shirika, ambayo mkurugenzi aliianzisha kwa ajili ya watoto walio mikononi mwa polisi tu. Afisa wa zamu alifika usiku huo akiwa na nakala ya Sheria ya Watoto ya 2022, ukurasa umekunjwa pembeni.

Hakupandisha sauti. Alimsalimia askari wa zamu, akamwita afande, akauliza habari za kazi, kisha akamwambia kwamba kwa sheria hii mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kuhukumiwa kwa jinai. Afande alisema anavyojua yeye ni miaka minane. Na hakuwa anadanganya; minane ndiyo iliyokuwa kwenye sheria ya zamani. Afisa akamgeuzia ukurasa asome mwenyewe. Akasoma, akarudia kusoma, akauliza, "Na mimi nitajuaje ana kumi na moja?" Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Basi mama akatumwa nyumbani, akarudi anahema na kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, kimepasuka mgongo, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni, na tarehe ya chanjo ya kwanza imeandikwa kwa kalamu ya wino. Mtoto alitoka usiku ule ule. Wiki iliyofuata afisa alirudi, safari hii kwa mwenye mjengo na kwa shule ya mtoto, kwa sababu mtoto wa umri huo anayebeba vyuma kuukuu usiku ana jambo nyumbani linalomsukuma. Ilikuwa karo ya mtihani na chakula. Kabla ya hapo, shirika lingeandika kwamba mtoto mmoja ameokolewa, likafunga faili.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto asizuiliwe ila iwe hatua ya mwisho kabisa, na akizuiliwa iwe kwa muda mfupi unaofaa na mbali na watu wazima. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kwenye vitini vya semina. Pale kaunta niliona kwamba hayafanyi kazi yoyote mpaka mtu ayalete kituoni saa mbili usiku, na mtu huyo hashiki zamu ya Jumamosi kama mkurugenzi wake hajaipanga na kuilipia.

Kesi za matunzo wanazifanya vizuri pia, sitazieleza sana. Kifungu hicho hicho cha 53 kinampa mtoto haki ya kulelewa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana. Wanaume wengi mtaani bado wanaamini kwamba bila mahari hakuna wajibu. Ofisi humwita baba kwa barua, hukaa nao wote wawili, na maafikiano huandikwa na kutiwa sahihi. Akikiuka, inakwenda mahakamani. Mama mmoja anayechoma mahindi stendi ya matatu za 46 alipata karo na unga kwa njia hiyo bila kuona hakimu. Fomu zao za kwanza sasa ni za Kiswahili, na hilo tulilipigania sisi wa mitaani mpaka mkurugenzi akakubali.

Niseme sasa kuhusu wafadhili, maana hapo ndipo nilipomheshimu kabisa. Kufuata kesi mpaka mwisho kunapunguza idadi. Afisa mwenye kesi chache anazozijua hawezi tena kuandika ripoti ya maelfu. Mwaka uliofuata idadi ya watoto "waliofikiwa" ilishuka sana, na wageni wakaja kuuliza. Walifika Kawangware nasi tukaitwa kuwapokea. Mmoja wao, kwa nia njema, akaomba kukutana na mtoto wa kesi fulani na kupiga naye picha ya kumbukumbu. Mkurugenzi alisema hapana. Alisema kwa adabu, mbele yetu sote, na hakumwachia mfanyakazi mdogo aseme kwa niaba yake. Kisha akawauliza kama wana asubuhi moja ya kumpa. Kesho yake aliwapeleka Milimani, akaketi nao kwenye korido ya mahakama ya watoto. Ndani hawakuingia, kesi za watoto husikizwa faraghani. Walikaa pale kwenye benchi pamoja na mama, nyanya na mtoto, kuanzia asubuhi. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Karani akatoka akasema kesi imeahirishwa, shahidi wa polisi amehamishwa kituo. Nyanya aliyetoka Kinangop usiku akakunja leso yake akauliza ni tarehe gani nyingine.

Sijui walizungumza nini baadaye ofisini. Najua kwamba mfuko wa mashahidi haukufungwa, na mwaka uliofuata uliongezwa.

Katika kikao kingine, alipokuwa anatueleza kwa nini hataki picha za watoto kwenye mabango, alitupa historia niliyokuwa sijaijua. Mwaka 1919 huko London, mwanamke aitwaye Eglantyne Jebb alikamatwa katika uwanja wa Trafalgar kwa kugawa karatasi zenye picha ya mtoto aliyekonda kwa njaa, watoto wa Austria waliokuwa wanakufa kwa sababu vita vilikuwa vimekwisha lakini njia za chakula bado zimefungwa. Alitozwa faini ya pauni tano, na inasemekana mwendesha mashtaka mwenyewe ndiye aliyetoa hizo pauni tano. Mwaka huo huo akaanzisha Save the Children pamoja na dada yake, na mwaka 1924 tamko aliloandika la haki za mtoto likapitishwa na Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, kule Geneva. Mkurugenzi alisema, "Picha ile ilifanya kazi yake wakati hakuna aliyejua. Leo nchi yetu iliweka sahihi Mkataba wa Haki za Mtoto tangu 1990, tuna Katiba, tuna sheria. Hakuna mwenye kuhitaji kuona kidonda cha mtoto ndipo ajue wajibu wake." Niliyaandika maneno hayo nyuma ya kitabu changu cha vipimo, nami nakubaliana naye. Mtoto wa picha hukua. Yule msichana wa bendeji leo ni mwanamke kijana, na sura yake bado imo kwenye vijitabu ambavyo hakuna awezaye kuvirudisha.

Nairobi si ngeni katika kazi hii. Undugu Society ilianzishwa mwaka 1973 na Padri Arnold Grol kwa ajili ya vijana wa mitaani, wale walioitwa parking boys wakati huo. CRADLE, shirika la msaada wa sheria kwa watoto, lilianza 1997, na mwanzilishi wake Millie Odhiambo baadaye akaingia Bungeni. Watu wa aina hiyo wana moto wao wenyewe wa kuanzisha. Ninachokiangalia mimi ni shirika la kawaida, ambalo mwanzilishi wake hayupo tena, linaloongozwa na mtu aliyeajiriwa kwa tangazo la kazi. Mashirika mengi mjini ni ya namna hiyo. Moto wa mwanzilishi haurithiwi kwa mkataba wa ajira, kwa hiyo lazima kuwe na bodi inayojua inamtaka mkurugenzi afanye nini, na inayomwuliza.

Na hapa nyota ya tano inapotelea. Bodi ya shirika hili ni ya watu wenye heshima, mawakili, wahasibu, daktari. Sijaona hata mmoja anayeishi mtaa ambao watoto hawa wanatoka. Nimeuliza hilo kwa maandishi. Jibu lilikuwa la upole na lilikuwa la Kiingereza, likisema suala litazingatiwa. Sheria mpya ya mashirika ya manufaa kwa umma, ile ya 2013 iliyokaa kabatini mpaka ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, inazungumzia utawala bora na kuwajibika. Mimi naona kuwajibika kuanzie kwa wale tunaoleta watoto. Mkurugenzi mzuri anaweza kuondoka kesho. Akija mwingine anayependa idadi, ni nani kwenye hiyo meza atakayekumbuka habari ya mama fua na nauli?

Kasoro ya pili iko langoni. Jengo lina walinzi wa kampuni, na lazima uache kitambulisho ndipo upande ghorofani. Shirika husema walinzi si wao, ni wa mwenye jengo. Lakini mtoto hana kitambulisho. Mama aliyekimbia nyumbani usiku hana kitambulisho. Nimeshuhudia mvulana aliyekuja peke yake kwa matatu akazuiliwa pale chini, akawa amesimama karibu na mtaro mpaka afisa mmoja aliyetoka kununua chai akamwona. Shirika la haki za watoto lisiloweza kumpokea mtoto aliyekuja kwa miguu yake linahitaji kuhamisha ofisi, au kuketi na mwenye jengo wamalize jambo hilo wiki hii. Nimemwambia mkurugenzi hivyo hivyo, na amekubali, lakini mpaka naandika haya lango ni lile lile.

La tatu ni gumu zaidi na silioni kama kosa, ila ni lazima mjue. Siku hizi wanakataa kesi. Maafisa wakiwa wamejaa, watakuambia ukweli kwamba hawawezi kuchukua nyingine, watakupa barua ya kwenda shirika lingine na watapiga simu mbele yako kuhakikisha umepokelewa huko. Mara ya kwanza nilikasirika nikiwa na mtoto pembeni. Baadaye nikaona bora kukataliwa mlangoni saa tatu asubuhi, nikiwa na barua mkononi, kuliko kupokelewa kwa picha na kuachwa katikati ya kesi.

Kwa wanaotaka kwenda: panda matatu ya 46, shuka Yaya Centre, uliza kwa jina utakalokuwa umepewa na afisa wa watoto. Fika asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na saa saba huwa wanafunga kwa chakula. Huduma ni bure, na ukiombwa chochote na yeyote, hata askari wa lango, mwambie afisa. Beba namba ya OB kama umeripoti polisi, karatasi zote za hospitali, na namba za simu za mashahidi. Kama mtoto amenajisiwa usianze na ofisi yoyote: nenda hospitali kwanza, kabla saa 72 hazijapita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zina muda wake, na usimwogeshe wala usifue nguo zake kabla daktari hajamwona. Usiku au wikendi, piga 116, simu ya watoto, haikatwi pesa na hupokelewa saa zote.

Na mje na kitabu cha kliniki. Kama kimepotea au kimeungua, nenda kituo cha afya alikochanjwa mtoto, wana daftari lao la chanjo, waombe wakuandikie tarehe na wapige muhuri.